Maji ya Matanga

Wapendwa, msipige makofi kwanza. Ushuhuda wangu si mtamu.

Mnajua naishi hapa Kibomet, kwa ploti ya vyumba vya kupanga yenye kisima cha pamoja. Kifungua mimba wangu alishikwa na kuhara asubuhi, kufika jioni macho yameingia ndani. Akafia hospitalini. Kabla hatujampeleka nyumbani Naitiri kumzika, majirani walikuja kunililia. Akina mama wakachota maji kisimani, wakakorogea watoto juisi ya unga wa pakiti. Si ndiyo desturi yetu, mtoto asitoke matangani na koo kavu? Ndugu zangu, nawaambia, walikunywa kilekile kilichomuua mwanangu. Tulirudi kutoka mazishini tukapata mtoto wa jirani amelazwa. Naye akafa.

Nesi akaja, maji yakapimwa. Choo kinavuja kisimani. Tukamwita mwenye ploti. Alisimama pale na viatu vyake safi, akasema, "Nyinyi ni wachafu. Mkichoka, hameni." Ati wachafu! Na choo alichimba yeye, karibu na kisima, ili apate nafasi ya kujenga vyumba vingine. Nilitamani kumtapikia.

Siku ya kumlilia mtoto wa jirani, naona ndoo zinaletwa tena. Watu wanasema haya maji tumeyanywa miaka yote. Huyu wangu aliyebaki, huyu hapa mgongoni, ananyoosha mkono apewe kikombe. Nikakimwaga. Nikaenda nikakalia mfuniko wa kisima.

Wueh! Nilitukanwa. "Unatunyima maji ya matanga? Na wako tulimlilia!" Mwingine akaniita mchawi. Sikuinuka. Ndipo mama mwenye msiba akatoka kwa nyumba, leso inaburutika chini, akanijia. Nikajua atanipiga.

"Songa kidogo, dada," akasema. Akakaa kando yangu.

Hakuna aliyechota. Tangu hapo tunachukua maji ya bomba la kanisa, tunachemsha, na ploti yetu haijazika mtoto mwingine.

Asante dada yangu, unajijua. Asante nesi. Asanteni vijana mliotusukumia mitungi kwa mkokoteni. Lakini nyinyi mlionishika mkono mkasema Mungu alimpenda zaidi, mniwie radhi, bado nina hasira. Mungu hakuchimba kile choo. Aliyekichimba simtaji jina. Ameketi viti vya mbele, ametoa sadaka, na kisima bado hakijafungwa.

Nikishuka hapa naenda kukijaza mawe. Anayetaka kuniombea, aje na jiwe.