Dkt. Nashilu Kakuta, Aliyetafuta Mwanga Ndani ya Ubongo

Dkt. Nashilu Kakuta alizaliwa Piyaya, wilaya ya Ngorongoro, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kakuta na Mama Kaika. Mama yake husema alijua kutembea kabla ya kujua kutulia.

Alipokuwa darasa la tatu, mdogo wake Moloimet alishikwa na kifafa akaangukia motoni. Nashilu ndiye aliyemvuta. Majirani walisema ni laana. Yeye alimuuliza mchungaji, kisha mwalimu, kisha mganga wa zahanati, ugonjwa ule unaanzia wapi kichwani, na hakuridhika na jibu la yeyote.

Alimaliza shule ya msingi Piyaya mwaka 1998 na kidato cha sita Karatu mwaka 2005, akasoma shahada ya kwanza Morogoro. Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa Ganako na Mwalimu Adrian Piusi. Wazee wa pande zote mbili walisita, huku Wamasai, huku Wairaqw, ila Nashilu aliwaendea nyumba kwa nyumba mpaka wakachoka kukataa. Mungu akawajalia Soila na Remigius.

Mwaka 2013 alikwenda Uswidi kusomea uzamivu. Huko alijifunza kuchukua kirusi, kukiondolea uwezo wa kudhuru, na kukibebesha jeni ya kimulimuli, mdudu anayewaka usiku, hadi ndani ya seli za neva za panya, ili seli zitoe mwanga na njia zake zionekane. Mama Kaika aliposikia habari za virusi aliogopa, akamuuliza kama siku hizi anagawa maradhi.

"Yeyo, mama yangu, huyu ni punda tu," Nashilu alimjibu. "Nimemshusha mzigo mbaya, nikampakia taa."

Seli hizo huchukua wiki kadhaa kuwaka, na kungoja kulimtesa. Alichungulia kila siku, hata wenzake wakamficha ufunguo wa maabara. Mwaka 2018 aliacha kazi nzuri huko akarudi Arusha, akisema wagonjwa anaowajua wako nyumbani.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliambiwa apumzike; akaanzisha jaribio jipya, la kuona kifafa kinapochipukia kwenye ubongo wa panya. Mwezi Juni, aliposhindwa kusimama, alimtuma mumewe maabara, Arusha. Adrian alirudi akamwambia bado hakuna mwanga, na vijana wanataka kufunga jaribio.

"Waambie wasifunge," Nashilu alisema. "Wangoje."

Alifariki dunia hospitalini Karatu tarehe 11 Juni 2025, alfajiri. Hadi tunaandika haya, wenzake wanaangalia kila asubuhi, na bado ni giza.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, na mdogo wake Moloimet, ambaye bado anaugua na ambaye leo amebeba msalaba.

Mungu amtulize katika amani yake. Amina.