Chupa ya Shemeji na Mililita Mia

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la Kinyozi, miguu mitatu na tofali. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo nasikia kila kitu, na mengi ninayosikia ni upuuzi mtupu. Mchana ule lakini nilikaa mpaka mwisho. Fundi Saa alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwa ndege, mara ya kwanza maishani, kwenda kumwona binti yake ambaye hawajaonana miaka tisa. Tiketi ilikuwa ya begi la mkononi tu. Nguo zimeingia, mswaki umeingia, sabuni imeingia. Kilichobaki alikipakata kimeviringishwa kwenye kitambaa: chupa ya marashi ya marehemu mkewe, shemeji yetu, yamebaki robo. Binti alikuwa ameomba kitu kimoja tu kutoka nyumbani, marashi ya mama.

— Haipiti hiyo, alisema Rubani.

Tunamwita Rubani kwa sababu aliwahi kufagia uwanja wa ndege miezi minane. Ngazi ya ndege hajaikanyaga, lakini ukitaja mawingu anakaa sawa na kukunja nne.

— Haipiti kwa nini? Fundi Saa aliuliza. Si robo tu?

— Kilichomo hakiwahusu. Wanaangalia chupa. Mwisho mililita mia. Hebu soma hapo chini.

Fundi Saa akavaa kile kioo chake cha jicho moja, akageuza chupa.

— Mia mbili.

— Umeona sasa.

— Lakini ndani hata hamsini zinafika kwa shida.

— Hata lingekuwa tone moja, ndugu yangu. Chupa ni ya mia mbili, basi umebeba mia mbili.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, amemwacha mteja ndani na kichwa nusu.

— Hiyo haiingii akilini. Yaani nikibeba ndoo tupu nimebeba maji?

— Kwao, ndiyo.

— Basi na tumbo langu walipime. Hili ni la lita tano, na tangu asubuhi sijala.

Mzee wa Kahawa akamimina duru ya pili na kuuliza kile ambacho sote tulikuwa tunataka kujua: kwa nini mia? Kwa nini isiwe tisini na saba?

— Ni mambo ya mizani, alisema Rubani. Ndege inapokata kona, vyote vya majimaji vinalalia upande mmoja. Watu mia mbili, kila mtu na shampuu yake, zote zikilala kushoto kwa pamoja, mtarudi nyumbani?

— Na damu je? aliuliza Mzee wa Kahawa. Watu mia mbili wana damu nyingi kuliko shampuu.

— Damu imefungwa vizuri.

— Na mkojo?

— Kwani choo cha ndege unadhani kimewekwa cha nini?

Kinyozi akakataa. Yeye alisema tatizo ni hewa. Huko juu hewa inavimba, na chupa yenye nafasi ndani inavimba zaidi, kwa hiyo chupa ya robo ni hatari kuliko iliyojaa. Nilimuuliza mbona yeye mwenyewe kichwa chake hakijawahi kupasuka. Akaingia ndani na kurudi na chupa yake ya kunyunyizia maji, ile yenye alama za vipimo ubavuni. Wakapima. Kikombe kimoja cha kahawa, cha pili, na tone juu yake.

— Kumbe mia ni vikombe viwili vya kahawa, alisema Fundi Saa.

Tukavitazama vikombe vyetu kama vitu vigeni. Nakiri hata mimi niliweka sindano chini.

— Basi kazi imekwisha, alisema Kinyozi. Nina kichupa cha hamsini, nimekichemsha jana. Tuhamishe.

— Kitanukia mafuta ya nywele.

— Nusa mwenyewe. Hakina harufu.

Fundi Saa akanusa, akakirudisha.

— Jua ni kali. Marashi hayataki jua.

— Tuingie ndani.

— Ndani kuna nywele.

— Tufanyie kwenye meza yako ya saa.

— Kuna vumbi leo.

Hapo nilikasirika kidogo. Huyu mtu anafungua saa za watu barabarani, upepo unavuma, magari yanapita, leo anaogopa vumbi. Nikamwambia asitupotezee muda, ndege haitamsubiri.

— Dawa ninayo, alisema Rubani. Jipake yote. Shingoni, kifuani, mikononi. Mashine haipimi ngozi. Ukifika, mtoto anakukumbatia, mzigo umefika.

Tulicheka sote. Fundi Saa naye alicheka, kisha akaanza kuifunga chupa upya kwenye kitambaa.

Wakati huo akaja muuguzi wa zahanati ya jirani, mama mmoja mpole, kufuata viatu vyake.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitika.

Nikampa viatu. Akavikagua nyuzi, huku Kinyozi akimsimulia safari, chupa, mililita na vumbi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Fundi Saa.

— Kwani bado yananukia?

Nilimtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Rubani. Saa nzima tumepima kahawa, na hakuna aliyewaza hilo.

— Nauliza tu, baba yangu. Marashi yakikaa sana huchacha.

— Sijui, alisema Fundi Saa.

— Hujayanusa?

— Sijaifungua tangu alipoifunga yeye. Miaka minne. Alipaka asubuhi, akakaza kifuniko, tukaenda hospitali. Naogopa, mwanangu. Nikifungua nikakuta hakuna kitu, nitampelekea nini mtoto? Na mimi nitabaki na nini?

Muuguzi akakaa pale kwenye benchi, viatu mkononi. Mteja wa Kinyozi aliita kutoka ndani, akaita tena. Nilijisikia vibaya kwa lile neno langu la ndege.

Fundi Saa akakifungua kile kitambaa. Akashika kifuniko. Kilikuwa kimekaza, akakizungusha taratibu kwa vidole viwili, namna anavyofungua saa ya mtu, mpaka kikalia mara moja. Sote tukabana pumzi, ili harufu ya kwanza tumwachie yeye.