Nani Anang'oa Vigingi?

MAMA: Haloo? Ni nani?

FUTI: Shikamoo mama. Ni mimi, Futi.

MAMA: Futi ndo nani tena?

FUTI: Mwanao! Kambini wananiita hivyo, si ndo nashika futi kamba ya kupimia barabara.

MAMA: Marahaba. Miezi tisa yote ile, kumbe nimezaa futi.

FUTI: (anacheka) Mama, sikiliza, salio dogo. Vile vigingi vya barabara, hapo kwenye kona chini ya nyumba —

MAMA: Mtandao unakoroma, sikusikii.

FUTI: Vigingi! Tunapigilia jioni, asubuhi havipo. Palepale kila siku. Hujaona mtu?

MAMA: Mbuzi labda.

FUTI: Mbuzi gani anang'oa kigingi halafu anafukia na shimo? Injinia kafura, kesho analeta askari.

MAMA: Si mlisema mnaipima tu hiyo barabara?

FUTI: Ndo tumeipima. Machimbo yakifunguliwa, malori ya mawe yatashuka hapo kutwa, na kona ile lori halikati. Yakikutana mawili, moja liko bondeni. Kwa hiyo Injinia anataka kona inyooshwe, ipite pale kwenye mawe meupe.

MAMA: Ipite upande wa pili.

FUTI: Upande wa pili korongo, mama! Pale ni mawe tu. Hata wewe walipokuuliza ulisema hakuna kitu —

MAMA: Niliogopa wangechimba.

FUTI: Wangechimba nini?

(kiti kinalia, mama anakaa)

FUTI: Mama? Upo?

MAMA: Vigingi nang'oa mimi.

FUTI: Wewe? Na mgongo huo?

MAMA: Nilikuona dirishani, unapiga nyundo. Nikasubiri muondoke, nikashuka na jembe.

FUTI: Mama, kuna nini pale?

MAMA: Dada yako.

FUTI: Dada gani? Mimi si ndo wa kwanza —

MAMA: Wewe wa pili, baba.

(mtandao unakwaruza)

FUTI: Lakini... pale mimi nilikuwa nacheza. Juu ya yale mawe. Napanda, naruka —

MAMA: Najua. Baba yako alitaka kukufukuza, nikamwambia muache. Angalau wacheze wote.

FUTI: (anavuta pumzi) Namwambia Injinia. Sasa hivi. Kaburi halipitwi hivi hivi mama, wanalihamisha kwanza, kwa heshima, wanakuja na —

MAMA: Alilia mara moja tu.

FUTI: Mama...

MAMA: Mara moja, akanyamaza. Kitoto hivi, kinaenea kiganjani. Na mvua zote hizi zilizopita, mwanangu, watahamisha nini?

FUTI: Usilie. Mama, salio linaisha, nakuja, usitoke nje, nakuja na —

MAMA: Watachimba wasimkute, halafu waseme hakuwepo. Umesikia? Watasema hakuwepo. Haloo?... Haloo?