Mguu wa Picha

Tangu basi liondoke kituoni, fundi cherehani hakutulia. Mama aliyekaa mbele yake alivaa kiatu mguu wa kulia na kandambili wa kushoto, na fundi huyo havumilii vitu visivyolingana.

Pembeni ya mama, kijana mwenye kitambulisho cha hospitali shingoni alikuwa akijipigia debe. "Mpango ni wangu, mama. Zamani kliniki ya miguu ilikuwa kila Jumanne, foleni hadi nje. Tukaifuta. Sasa mgonjwa wa kisukari anapiga picha ya unyayo, anatutumia, daktari anaangalia. Gharama zimeshuka nusu."

"Kweli mwanangu. Mimi nilijibiwa siku hiyohiyo kwamba niko salama."

"Umeona!"

"Niliuosha mguu wa kulia, nikaupaka mafuta, ukang'aa."

"Na wa kushoto?"

"Huo una kidonda. Kwani wewe ukienda kupiga picha huvai nguo nzuri?"

Kijana aliitazama ile kandambili, uso ukamshuka. Fundi naye akaelewa ilikotoka harufu mbaya ambayo tangu mwanzo alikuwa akizisingizia soksi za kijana.

"Kinauma?" kijana aliuliza.

"Wala! Hata sikisikii."

"Kutouma ndiko kubaya, mama. Watu hukatwa miguu hivyohivyo. Hospitali ni kituo kinachofuata, tushuke wote."

"Kwa nani?"

"Kliniki ya miguu. Leo si Jumanne?"

Mama alimgeukia, akamtazama kwa huruma kama mtoto aliyepotea njia ya kwao. "Si umesema mmeifuta?"

Basi likasimama. Mlango ukafunguka.