Msiupige Saruji Ua Huu

Sogeeni karibu, wanangu, msinilazimishe kupaza sauti, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu. Wewe binti yangu keti hapa kitandani, na wewe kitindamimba acha kusimama mlangoni kama mgeni. Zima hiyo simu. Ninayosema leo sitayarudia.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa, na hati iko kwenye droo ya cherehani, chini ya mikasi. Hilo limekwisha. Langu ni la ua. Juzi niliwasikia mkinong'ona jikoni mkidhani nimelala, kwamba nikishaondoka mtang'oa ukoka wote mmwage saruji toka ukutani hadi getini, magari yapate pa kukaa. Sikukasirika. Hata mimi niliwahi kuwa na akili hiyo, na ndiyo iliyonitia katika jambo ambalo sijawahi kuwaambia.

Mnajua nimewalea kwa sindano ya cherehani, katika chumba cha kupanga ambacho ua wake ulitosha ndoo mbili za kufulia. Tulipohamia hapa, baba yenu ndiye aliyeshika jembe, mimi nikipita tu kwenye majani kama mtu apitaye sokoni hana haja ya kununua. Alipofariki, majani yakanifika kiunoni, na siku moja nikakuta nyoka amejikunja chini ya kamba ya nguo. Nikaita vibarua, nikawaambia kwangueni, nisione hata unyasi. Wakakwangua mpaka ardhi ikang'aa kama sahani, nami nikasimama barazani, mikono kiunoni, najiona mwenye nyumba kweli.

Mvua ya kwanza ikauzoa udongo wangu wote ikaupeleka kwa jirani wa chini, huyu mnayemwita Babu Miwani. Matope yaliingia jikoni mwake mpaka chumbani alimolala mkewe, mgonjwa asiyeweza kujinyanyua. Akaja hapa getini, matope magotini, akasema, "Mama, njoo uone ulivyotufanya." Nikaona haya, na badala ya kumpa pole nikamjibu mbele ya watu, kwa sauti ya juu, "Mvua si yangu. Na mkeo alikuwa anakufa hata kabla haijanyesha."

Nilisema hivyo, wanangu. Mama yenu huyu. Akageuka, akashuka kwake. Wiki tatu baadaye mkewe akazikwa, nami nikajifungia ndani, sikwenda mazikoni.

Msimu uliofuata, asubuhi moja ya mawingu, nikasikia jembe. Alikuwa ndani ya ua wangu, anachimba mtaro peke yake. Nikatoka nimejiandaa kwa ugomvi. Hakuinua kichwa. "Ukisimama tu mvua itatukuta," akasema. "Chukua koleo."

Basi hapo ndipo nilipoanza shule, nina miaka hamsini na tisa. Alinifundisha kwamba mtaro haushuki na mteremko, unaukata katikati kama mkanda kiunoni, na hilo fundi cherehani alilielewa upesi. Ukoka nikaupanda kipande kipande, nikiukanyaga kwa kisigino ili mizizi ishike. Nikajifunza kunoa fyekeo kabla ya kazi, kuyaacha majani urefu wa vidole vinne, na yaliyokatwa kuyalaza pale pale yafunike udongo. Michongoma niliyoikata mara ya kwanza ilipinda kama sketi iliyoshonwa gizani. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

Tumefanya kazi hivyo miaka kumi na miwili, na lile neno sikulifuta. Kila nilipolikaribia, aligeuza mazungumzo yakawa ya majani.

Jana mlipokwenda kuchukua dawa, nilimwita. Nikamwambia, leo usinisaidie kunyamaza. Nikalitamka neno lote kama lilivyonitoka siku ile, nikamwomba radhi. Akaweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, "Mke wangu alikusikia. Dirisha lilikuwa wazi. Nilitaka kurudi nikutukane, akanishika mkono. Akaniambia, huyo amefiwa na hajui kazi ya ua, mvua zikikaribia kamfundishe."

Mwanamke niliyemzika kwa mdomo wangu... yeye ndiye aliyeniletea mwalimu.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sikilizeni, nimalize. Saruji msimwage. Magari yawekeeni mistari miwili ya mawe, upana wa tairi, basi. Mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, nanyi muuzibue wenyewe. Mzee wa watu ana miaka themanini, asiiname tena kwa ajili yetu. Msipojua jambo, mwulizeni. Msione haya. Haya iliniponza mimi.

Kaburi la mkewe... nendeni. Mmpe salamu. Semeni ni mimi.

Mungu awafungulie, wanangu. Awape mikono yenye kazi na ulimi mpole. Nimewaridhia, wote wawili, kwa yote. Shikaneni mikono, niwaone.

Hivyo. Hivyo hivyo.