Chumba cha Mbele Si cha Wageni Tena

Sikilizeni, wanangu, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama mtu anayengoja kutumwa, ingia ukae, maana nitakayosema leo yanakuhusu kuliko unavyodhani. Mmenibeba kutoka chumba cha uani mpaka huku mbele kwa sababu nimewaomba, na nilimwona Meneja akizitazama shuka nyeupe kabla hajanilaza, akasita. Usijali, mwanangu. Najua hizi ni shuka za wageni. Lakini mgeni huyu hachafui sana, wala hakai siku nyingi.

Nyumba hii baba yenu aliijenga chumba kimoja kimoja, kwa matofali yaliyobaki kwenye nyumba za watu aliowafanyia uashi, ndiyo maana hamna kuta mbili humu zinazofanana. Wazo la kulaza wageni wa kulipia lilikuwa lako, Meneja, na dada yako ndiye aliyekupachika jina hilo siku uliponunua shati la kola na kuanza kupokea watu getini. Mtu asije akasema nikishaondoka kwamba lilikuwa wazo la kijinga. Lilitulisha. Miaka ile ya mwanzo watu walivigombania vyumba hivi, walikuja wakiburuta masanduku ya magurudumu, wakapiga picha ngazi, wakapiga picha hata kikaango changu kilichoungua, na mkwe wangu akafua shuka mpaka kamba zikagusa chini.

Kisha wakapungua, na hakuna aliyekuja kutuaga. Barabara ya pili yalisimama maghorofa yenye bwawa la kuogelea juu ya paa, majirani nao kila mwenye chumba cha ziada akakitangaza, na nadhani watu wenyewe waliishiwa uwezo wa kusafiri. Meneja akashusha bei, akashusha tena. Akapaka rangi, akanunua mashine ya kahawa ambayo humu ndani hakuna anayejua kuiwasha, akapanda juu ya kiti kupiga picha ili chumba kionekane kikubwa. Nilikuwa nakutazama mezani, mwanangu, tonge mkononi na jicho kwenye simu, ikitikisika kidogo unaruka, kumbe ni kampuni ya simu inakutangazia vifurushi.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sasa nije kwenye linalonichoma. Nilipokuwa nimelazwa hospitali, wewe binti yangu, kifungua mimba wangu, ulitoka kwa mumeo ukiwa na watoto wako na begi moja, ukaja hapa kwenu. Ndugu yako akakwambia pale getini, "Dada, vyumba nimeviweka kwa ajili ya wageni, huenda wakaja mwisho wa wiki, nivumilie mambo yakae sawa." Ukageuka, ukaenda kupanga kile chumba nyuma ya gereji ya kuchomea vyuma, ambako watoto wanakohoa moshi mchana kutwa. Ulikuja kuniona kila siku wodini, unanikanda miguu, unacheka, na hukusema kitu. Aliyesema ni mjukuu wangu. Alipanda kitandani kwangu akaniuliza, "Bibi, wale wageni wenu wameshaondoka?" Na wageni hawakuwepo! Vitanda vilikuwa vimetandikwa, mito imesimama kama inasubiri ukaguzi, na damu yangu inalala sakafuni kwa watu.

Tulia, Meneja, sijamaliza na wewe.

Baada ya mimi kuruhusiwa kurudi nyumbani, ulimwambia mkeo kwamba kuna mgeni anakuja. Mkwe wangu, nilikuona kupitia dirisha. Ulifua, ukapiga pasi, ukakata maua kwenye ua, ukaoga, ukavaa gauni lako la harusi za watu, ukasimama getini tangu asubuhi. Ulipasha chai moto, ikapoa, ukaipasha tena. Jua likahama upande, ukaja kuniambia, "Mama, labda ndege imechelewa," na mume wako wakati huo alikuwa nyuma ya tangi la maji, ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Aliponijia chumbani alikaa miguuni pangu akasema, "Mama, hakuna mgeni. Nimejibuku mwenyewe." Akanieleza kwamba nyumba isiyopata watu inasukumwa chini huko mtandaoni mpaka haionekani, kwa hiyo alitumia jina la rafiki yake, akalipia chumba chake mwenyewe, na hata yale maoni ya kusifu ameyaandika yeye, eti wenyeji ni wakarimu na chai ni nzuri.

Mkwe wangu, chai ilikuwa nzuri. Hilo hakudanganya.

Lakini alilipia kwa friza lako. Ndiyo. Haliko kwa fundi kama alivyokwambia. Kaa, mama, usitoke, nakuomba ukae. Nilimtaka akwambie mwenyewe, kila siku ananiambia kesho, na mimi kesho zangu siziamini tena. Friza ulilokuwa unauzia barafu, lililokuwa linanunua mkate wa nyumba hii wageni walipokauka, ameliuza. Mkasirikie, una haki. Ila ujue kwamba siku ile alilia hapa kama alivyolia utotoni alipovunjika mkono, akaniuliza, "Nifanye nini, Mama? Niambie tu nifanye nini," na mimi niliyewazaa nikamshika kichwa tu. Tangu siku hiyo nasikiliza hatua zake akipanda kwenye paa usiku peke yake, na sipumui mpaka ashuke.

Jibu nimelipata sasa, nimechelewa, lakini lishikeni.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawasawa, na haiuzwi. Binti yangu arudi leo. Unasema nini? Sema nisikie. "Sirudi mahali nilipofukuzwa." Mwanangu, hukufukuzwa na mtu mwenye raha. Mtazame. Mtazame alivyokonda, shati lile la kola linamning'inia. Sikwambii umsamehe leo, nakwambia uje ulale ndani, ugomvi mtaumalizia humu humu. Chumba hiki cha mbele ni chako na watoto, mkishanitoa. Vile vya chini mpangisheni mtu wa kukaa mwezi kwa mwezi, muuguzi, dereva, mwalimu, mtu atakayeweka sufuria zake na kulalamikia bomba. Hana nyota za kutoa mtandaoni huyo, ila atakuwepo. Kodi ya kwanza inunue friza. Na yule seremala wa vitanda, Meneja, acha kumkimbia kila akigonga. Mfungulie, mrudishie vitanda ambavyo hukumaliza kumlipa, umwombe radhi ukiwa umesimama. Na hiyo simu... mpe mkeo aishike. Wiki nzima. Ule kwanza, mwanangu. Ulale.

Usipande tena kwenye paa. Umenisikia? Nijibu, Meneja. Nataka kusikia kwa mdomo wako.

Haya. Nimesikia.

Sogeeni basi, mikono yangu haifiki mbali. Mungu awape usingizi. Awape kazi inayoonekana kwa macho. Mkwe wangu, umenifulia, umenigeuza, hukuninunia hata siku moja... Mungu akupe watoto watakaokushika hivyo. Binti yangu... nywele zako zinanuka moshi. Meneja, wewe... baba yako angekuwa... hapana. Mimi. Mimi nimekuridhia. Basi.

Nifunikeni miguu, baridi. Geti hilo... nani anafungua? Ni wajukuu? Waacheni waingie. Hapana, msiwavue viatu... shuka zitafuliwa. Waje... wapande hapa.