Ogoti Anapomwiga Sylvanus

Benchi letu pale Tabaka ni jiwe la sabuni lenye ufa, ambalo wachongaji walilikataa kwa kuogopa lingepasuka mikononi. Alasiri, nyundo zikinyamaza, tunaketi juu yake na vumbi jeupe bado kwenye nyusi, Nyanchera akitumiminia kahawa. Tangu mchongaji mwenzetu, mzee Sylvanus, afariki wakati wa mvua zilizopita, nafasi yake ya mwishoni mwa benchi haikaliwi na mtu. Anayemrudisha ni Ogoti. Marehemu alizoea kuongea akiwa na njiti ya kiberiti kwenye kona ya mdomo, maneno yakitokea upande mmoja, na Ogoti humwiga hadi unageuka kumtafuta mzee mwenyewe. Siku hiyo, kama siku zote, tulianza kubishana juu ya kilichomuua Sylvanus.

— Mimi nasema ni vumbi, alisema Manasseh, tunayemwita Msasa kwa sababu kazi yake ni kusugua sanamu zing'ae. Liliingia kwa masikio, likaganda kichwani kama simiti.

— Vumbi gani? akadakia Angwenyi, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia duka la dawa mjini. Ile ilikuwa presha. Na presha aliipata kwa redio. Si mnakumbuka alivyokuwa akiibandika sikioni wakati wa matangazo ya vifo?

— Alitaka kujua kabla yetu, Nyanchera akasema. Halafu anakuja kutuambia polepole, kama mtu anayegawa peremende.

Tukacheka, kisha kicheko kikatuishia. Akilini nilimwona tena Sylvanus akimwagia jiwe maji ili rangi ya waridi ijitokeze, akiniambia: Ona, kijana, lilikuwa limelala tu.

— Nyinyi hamjui, Msasa akarudi. Ni yule kiboko.

— Kiboko yupi?

— Yule mkubwa wa jiwe, aliyeagizwa na Wazungu. Mzee alimchonga macho kabla ya miguu. Sasa mnyama anakutazama wiki nzima na hawezi kuondoka! Hata mimi ningekasirika.

— Aki Msasa, wewe kunywa kahawa.

— Achaneni na kiboko, Daktari akasema. Mzee alikula ndizi za moto, akateremsha na maji ya mto. Joto na baridi vikakutana kwa shingo. Barabara ikafungwa!

— Si tumuulize mwenyewe? nikasema, nikamgeukia Ogoti. Sylvanus, omogaka, mzee wetu, ni nini kilikuchukua?

Ogoti, aliyekuwa kimya, aliinua kichwa. Mdomo ukaenda upande.

— Ji... jiwe... lime... limelala.

Tulipasuka kwa kicheko. Nyanchera akajifuta macho kwa leso.

— Ndiye huyo huyo! Mungu wangu, ndiye huyo!

Kahawa ilimchuruzika Ogoti kutoka kona ya mdomo hadi kifuani. Tukampigia makofi.

— Leo amezidi! Msasa akapiga paja. Hata mate ameweka! Ongeza, ndugu, mwambie kiboko salamu!

Kikombe alikihamishia mkono wa kushoto, kikamtoka. Tukashangilia hata hicho.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua bakuli kwenye kibanda cha jirani aliliweka chini, akatujia.

— Samahani, wazee. Huyu baba ndivyo anavyoongea siku zote?

— Hapana, dada, Daktari akamjibu akicheka. Anamwiga marehemu.

Ndipo nilipoitazama ile kona ya mdomo. Hakukuwa na njiti.

Mwanamke alikuwa ameshapiga magoti.

— Baba, tabasamu kidogo. Sawa. Inua mikono yote miwili.

Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki kwenye paja.

— Hiki ni kiharusi. Naitwa Benter, ni muuguzi, nahudumia wagonjwa mahututi Kisumu. Tafuteni gari sasa hivi.

Msasa alitoka mbio kuelekea kwenye pikapu ya mawe. Daktari akatoa kidonge mfukoni.

— Mpe aspirini hii, na maji ya sukari.

— Usimpe chochote mdomoni, baba. Hawezi kumeza vizuri, kitaingia mapafuni. Na kama ni mshipa uliopasuka, aspirini itazidisha damu.

Tulimlaza Ogoti kwa ubavu kwenye magunia ndani ya pikapu, Nyanchera akamshikilia kichwa. Benter, simu sikioni, alikuwa akiongea na hospitali. Akatugeukia.

— Wanauliza ilianza lini. Mara ya mwisho alikuwa mzima ilikuwa saa ngapi? Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ni ya saa chache za mwanzo. Wasipojua, wanaogopa kuitoa.

— Ni sasa hivi tu, Daktari akasema.

— Si sasa hivi, Nyanchera akasema polepole. Kikombe alikipokea kwa mkono wa kulia. Ogoti ni mashoto.

— Mchana alinijibu salamu kwa mdomo wa upande, Msasa akasema kutoka kwenye usukani. Nikajua ni Sylvanus. Nikamjibu kama Sylvanus.

— Na asubuhi? Benter akauliza.

Asubuhi tulikuwa tumemwambia: Umeamkaje, Sylvanus? Alikuwa ameguna, nasi tukaridhika.

— Sikilizeni, Benter akasema, kiganja kikiziba simu. Acheni huyo marehemu. Leo, nani kati yenu ameongea na Ogoti?

Pikapu ilikuwa ikinguruma. Ogoti alitutazama mmoja mmoja kutoka kwenye magunia, akingoja.